Ibada Ilipohamia Lupangoni

Wako wasomaji wa pwani ambao, walisikiapo jina la Kenya, fikira zao hukimbilia Mombasa na Nairobi. Lakini Kenya ninayoikusudia hapa ni mtaa mmoja katika mitaa saba ya Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili cha wachimba shaba kimesemwa tangu enzi za Wabelgiji, na ambako nyumba zimebanana hata wimbo wa kwaya ya jirani huingia chumbani bila ya kubisha hodi. Katika mtaa wa namna hiyo, amri ya kufunga makanisa ni jambo zito. Rais Félix Tshisekedi aliitangaza tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kujulikana Kinshasa. Na kabla wiki haijatimia, Gavana Jacques Kyabula aliufunga mkoa mzima kwa saa 48, kwa sababu ya abiria wawili walioshukiwa kuwa na korona baada ya kushuka katika ndege iliyotoka Kinshasa. Makanisa hayakuruhusiwa kufunguliwa tena hata tarehe 15 Agosti. Ukizihesabu Jumapili zilizopita utapata 21, na Pasaka na Pentekoste zimo ndani yake.

Ibada ilikwenda wapi siku hizo zote? Ilihamia lupangoni. Lupango, kwa watu wa Lubumbashi, ni kiwanja chenye nyumba, aghalabu nyumba kadhaa za wapangaji wanaotumia ua mmoja na bomba moja la maji; na kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, ua huo ukawa ndio kanisa, baba au mama wa nyumba akawa msomaji wa Injili, na redio ikawa mimbari. Wakatoliki walikuwa na maandalizi yao tangu zamani, maana maaskofu wa Kongo walikwisha kuazimia mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za majirani, ambazo Lubumbashi huziita mashirika. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, padri Placide Tempels alikuwa amewakusanya wachimba migodi wa Kolwezi na wake zao katika chama cha kiroho walichokiita Jamaa, na jina lenyewe latosha kuonyesha kwamba nyumba na ndoa ndizo zilizokuwa shina lake.

Lakini historia ya mji huu na maradhi ni ndefu kuliko hiyo. Reli iliyofika kutoka kusini mwaka 1910, ikileta makaa ya mawe, unga wa mahindi na vibarua, ndiyo iliyoleta homa kuu ya mwaka 1918, iliyoua mamilioni ya watu duniani. Mji, uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ulikuwa bado mchanga. Wamonaki Wabenedikto wa Jean-Félix de Hemptinne na Wasalesiani waliowafuata mwaka 1911 walikuwa wachache mno, na watawala walizoea kujikinga na maradhi kwa kuwatenga watu; baadaye hata ukanda mtupu upatao mita 700 uliachwa kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, kwa hoja ya afya. Mtu aliyetengwa hivyo, akiwa na homa, alikuwa mbali na daktari na mbali na padri pia.

Homa hiyo hiyo iliishukia Kongo ya Chini, magharibi mwa nchi, na huko ndiko ulikoanza mwito wa mtu ambaye mji wa Lubumbashi, kwa maoni yangu, haujamkumbuka kadiri ya haki yake. Simon Kimbangu wa Nkamba, aliyebatizwa na Wabaptisti mwaka 1915, alisikia, kwa mapokeo ya wafuasi wake, sauti ikimwita mwaka ule wa 1918, wakati watu walipokuwa wakifa kwa wingi. Akaikimbia hata Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akaajiriwa kazi, kisha akarejea. Tarehe 6 Aprili 1921 alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, na habari ya kupona kwake ikaenea hata watu wakaacha mashamba, kazi za Wazungu na vitanda vya hospitali kwenda Nkamba. Serikali iliona fitina pale ambapo wagonjwa waliona rehema. Alikamatwa Septemba, akahukumiwa kifo Oktoba, Mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa Élisabethville, ambako alikaa gerezani miaka 30, hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Mabaki yake hayakurudishwa Nkamba ila mwaka 1960. Mtu aliyeitwa katika tauni alisali miaka 30 bila ya kanisa na bila ya halaiki, katika mji huu huu ambao baadaye ungelazimishwa kusali vivyo hivyo kwa miezi mitano.

Lililouma zaidi mwaka 2020, nadhani, halikuwa kukosa misa. Lilikuwa kilio. Mila ya Lubumbashi ni kwamba mtu akifa, ndugu, majirani na wana shirika hulala katika lupango la wafiwa, wakiimba na kusali usiku kucha, wanawake wakipika na wanaume wakiota moto. Kumwacha mfiwa peke yake ni aibu isiyosahaulika. Amri ya Rais ilikataza matanga majumbani, na ikataka maiti itoke chumba cha maiti moja kwa moja hadi makaburini, ikisindikizwa na watu wachache. Mjane aliyerudi kwenye ua mtupu alinyimwa kitu ambacho hakuna mahubiri ya redio yawezayo kukifidia, nami siwezi kuiandika habari hiyo bila ya huzuni.

Mashariki mwa nchi walikuwa wamekwisha kuionja dhiki hiyo: Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoua watu 2,287 tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ilikuwa imewafunza waumini kunawa kabla ya kuingia kanisani na kuinamiana badala ya kushikana mikono ya amani.

Ruhusa ya kufungua milango ya makanisa ilianza siku ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nayo ilikuwa Jumamosi. Maradhi hayakuwa yamekwisha. Desemba ikaja amri ya kutotembea usiku. Na tarehe 31 Machi 2021, Jumatano ya Juma Kuu, akafariki Askofu Mkuu Jean-Pierre Tafunga, Msalesiani aliyeliongoza jimbo la Lubumbashi tangu 2010. Siku tatu baadaye waumini wake walikusanyika kwa mkesha wa Pasaka, ambao kwa desturi huanza gizani kwa kuwasha moto mpya; safari hii ilikuwa sharti umalizike mapema, ili kila mtu awe amefika lupangoni kwake kabla ya saa ya amri.