Mapatano ya Zawadi, Si "Dili"

Mashindano madogo ya poka, kama yale ya usiku mmoja katika kasino za Las Vegas, mara nyingi hayamaliziki kwa karata. Wachezaji watatu au wanne waliobaki husimamisha mchezo, wakahesabu tokeni zao na kugawana fedha za zawadi. Kitendo hicho wengi wangekiita dili. Napendekeza tuseme mapatano ya zawadi. Kwetu mpiga dili ni mtu wa mambo ya chini ya meza, ilhali haya hufanyika juu ya meza, mbele ya msimamizi.

Mapatano ya zawadi ni makubaliano ya hiari ya wachezaji wote waliobaki. Akikataa mmoja, hakuna mapatano. Karata zinagawiwa tena, na si adabu kumshinikiza aliyekataa. Wawili wakinong'onezana, mmoja amwachie mwenzake tokeni kwa ahadi ya fungu baadaye, hiyo ni njama, na wanaweza kufukuzwa mashindanoni.

Sababu ya kupatana ni dau la lazima, yaani tokeni ambazo wachezaji hulazimika kuweka kabla ya kuona karata zao. Katika mashindano madogo dau hilo hupanda haraka, hata mwishoni tokeni za kila mmoja hutosha raundi chache tu, na bahati huwa na nguvu kuliko ustadi.

Njia za kugawana ni mbili kuu. Tuseme zawadi ni dola 500, 300 na 200, na wachezaji watatu wana asilimia 50, 30 na 20 ya tokeni. Ya kwanza ni mgao wa tokeni: kila mmoja anachukua dola 200 ambazo tayari ni zake, kisha dola 400 zilizosalia zinafuata tokeni. Wanapata 400, 320 na 280. Ya pili, inayohusishwa na mwandishi wa poka Mason Malmuth tangu 1987, naiita ukokotozi wa nafasi. Hutumia tokeni kupima uwezekano wa kila mmoja kushika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha huuzidisha na zawadi za nafasi hizo. Hapa wanapata takriban 384, 327 na 289. Mwenye tokeni nyingi huipenda ya kwanza, mwenye chache ya pili. Wakibaki wawili, njia zote mbili hutoa jibu lile lile.

Istilahi ya pili inayohusu mapatano haya ni bahshishi ya mgawa karata. Nchini Marekani wagawa karata hutegemea sana bahshishi. Mashindano mengi hukata asilimia ndogo ya fedha za zawadi kwa ajili ya wafanyakazi, mengine hayakati. Kwa hiyo mchezaji muungwana humwuliza msimamizi kwanza. Kama hakuna kilichokatwa, mapatano yataje fungu la wagawa karata kabla ya fedha kugawanywa, lichangiwe kwa uwiano wa anachopata kila mmoja. Likiachwa mpaka kila mtu ameshatia chake mfukoni, mmoja hutoa kwa wote na wengine hutokomea. Australia ni vingine: huko wagawa karata wa kasino hawaruhusiwi kupokea bahshishi.

Ewe mwandishi au mfasiri wa habari za michezo, andika "mapatano ya zawadi" palipo na ridhaa ya wote, na "njama" palipo na siri. Msomaji atajua papo hapo nani amecheza kwa haki.