Kumbe ‘date’ ya mapenzi ilitokea kwenye kalenda ya demu!

Leo ukisema “nina date jioni” kila mtu anakuelewa. Zamani kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa tarehe tu, ya kalenda au ya miadi. Mwaka 1896 huko Chicago, Marekani, mwandishi wa gazeti George Ade alimchora karani mmoja kijana akimuuliza mpenzi wake kwa uchungu kama kuna jamaa mwingine anajaza tarehe zake. Yaani nafasi yake imechukuliwa! Huo ni kati ya mifano ya mwanzo kabisa iliyoandikwa.

Kabla ya hapo, kwenye familia zenye uwezo, mwanaume alimfuata binti kwao, wakapiga stori sebuleni, mama yupo karibu. Lakini wasichana waliokwenda mjini kufanya kazi madukani na viwandani walipanga vyumba vidogo, sebule hawana. Ikabidi wakutane nje: kumbi za dansi, migahawa, bustani. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wanaume, basi mwanaume akalipa. Wengine wakawasema wanajiuza.

Kwa hiyo bishano la nani alipe bili lina zaidi ya miaka 100. Wewe unasemaje, nani alipe?