Slasha ya Gikomba

Roboti ya kukata nyasi haipatani na vijiti. Chini ya tumbo lake huzunguka kisahani chenye visu vidogo, vyembamba kama nyembe. Visu hivyo vikigonga tawi la jakaranda lililoangushwa na upepo, huharibika upesi. Ndiyo maana mwenye bustani hutangulia kuokota matawi kwa mkono, ndipo aiachilie mashine. Kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilianza kuuza roboti yake ya kwanza, iliyotumia nguvu za jua, mwaka 1995.

Tatizo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwingereza Edwin Budding alipobuni mashine ya kukata nyasi mwaka 1830, aliiga mtambo wa viwanda vya nguo uliopunguza manyoya ya kitambaa. Tangu hapo mashine za aina hiyo zimedai uwanja uliosawazishwa na kufagiliwa.

Lakini viwanja vya Eastlands, jijini Nairobi, vilijaa mawe, mizizi na matawi makavu. Kifaa kilichovimudu kilifuliwa papo hapo, katika karakana za wazi za Gikomba, Shauri Moyo na Kamukunji: slasha.

Fundi huanza na chuma bapa, mara nyingi cha skrapu. Hukipasha kwenye mkaa hadi kiwe chekundu, akakigonga kwa nyundo, kisha akakunja ncha. Ufundi umo katika mkunjo huo, maana ndio unaomwezesha mkataji kufyeka huku amesimama, makali yakipita sambamba na ardhi. Akiona kijiti kwenye majani, hukisukuma kando kwa slasha hiyo hiyo na kuendelea. Makali yakipata pengo, tupa huyarudisha kwa dakika chache.

Kazi hii ya kufua vyuma ilikua bila baraka za serikali. Mafundi walishinda juani, wakaitwa jua kali, na askari wa baraza la jiji wakawafukuza kila mara. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwatetea waziwazi: wanaleta ajira, wasisumbuliwe. Mwaka 1977 mtafiti Kenneth King alichapisha kitabu kuhusu mafundi wa Kenya, akieleza jinsi ujuzi ulivyotoka karakana za Wahindi, ukashikwa na vibarua wao Waafrika, nao wakawarithisha wanagenzi. Hata hivyo, ni mpaka mwaka 1985, Rais Moi alipowatembelea Kamukunji, ndipo mafundi walipoahidiwa vibanda. Miaka 13 tangu ripoti ile ni mingi mno kwa watu waliokuwa wakiunda sufuria, majiko na zana za nchi nzima.

Soko lao moja kubwa limekuwa shule za bweni. Kwa miaka mingi mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza alifika Kamukunji na orodha mkononi: sanduku la bati, ndoo, jembe, slasha. Sanduku lilibaki bwenini. Slasha ilikabidhiwa shule, ikasubiri Jumamosi ya usafi, au mwanafunzi mkosaji atakayepimiwa kipande chake cha uwanja, pamoja na matawi yote yaliyoangukia humo.