Mtoto wa Mulago na jicho la pili

Mitihani inabisha hodi, lakini leo acheni niweke historia kidogo, maana ubishi wa jana kantini umenikera. Mwenzetu mmoja, mjomba wake kaambiwa ana saratani ya damu. Akauliza kama wampeleke na kwa daktari mwingine. Weee! Mezani wakamrukia, eti huko ni kumdharau daktari wa kwanza. Sasa nawaletea ya Mulago.

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari Hugh Trowell ana mtoto wa kama miaka mitano wodini, taya zimevimba kushoto na kulia, juu na chini. Trowell hakuwa mgeni wa kazi, ni mmoja wa waliochunguza kwashakoo kwa miaka mingi. Hata hivyo akamwita mpasuaji Denis Burkitt aje atazame naye. Burkitt naye akakwama. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine: taya zile zile, na tumboni ana uvimbe. Hapo akashtuka. Akarudi Mulago kufukua mafaili. Kumbe watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila mmoja kaandikiwa kivyake: huyu taya, yule figo, yule tumbo. Ugonjwa mmoja, majina kibao.

Mwaka 1958 Burkitt akachapisha habari zake, akauita sarkoma. Lakini hata jina hilo likapitiwa upya! Wataalamu wa hadubini pale pale Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, wakachunguza vipande vya nyama, na kufikia 1961 ikaeleweka kwamba ni limfoma, saratani ya ukoo mmoja na hizi za damu. Burkitt hakununa.

Utasema, jina tu lina nini? Lina mengi bwana. Kisu kilikuwa hakifui dafu kwa uvimbe ule. Burkitt, mpasuaji mzima, akakiweka pembeni akaanza kuwapa watoto dawa za saratani. Kwa baadhi yao uvimbe ukayeyuka, wakapona. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha limfoma Mulago, ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa hiyo kuomba jicho la pili si kumkana daktari. Mwambie wazi, akupe majibu yote pamoja na vile vioo vya damu, uboho au nyama, vikasomwe na mtaalamu mwingine. Swali ni moja: ni aina gani hasa? Lukemia zipo za mbio na za polepole, limfoma nazo ziko nyingi, na dawa zake hazifanani. Ila isiwe kisingizio cha kuzunguka miezi. Limfoma hii ya Burkitt ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote, kwa hiyo muulize daktari mna siku ngapi za kusubiri.

Halafu tujiangalie wenyewe hapa chuoni. Karatasi yako ya mtihani ikishasahihishwa, mtahini wa nje anakuja kuipitia tena, na hakuna mhadhiri anayesema kadharauliwa. Hiyo ni karatasi tu jamani. Itakuwaje damu ya mtu isomwe mara moja?