Chai, Kilemba na Chenji: Bakshishi Ilitoka Wapi?

Bili imekuja. Mko wanne, mmekula nyama choma kilo mbili na ugali, na sasa kila mtu ameinamia simu yake anajifanya anasoma ujumbe. Aliyejitolea kulipa anaingiza namba ya tili, anaandika kiasi kilekile kilicho kwenye karatasi, hadi shilingi ya mwisho, kisha anamwonyesha dada wa kuhudumu skrini. "Imeingia?" "Imeingia." Basi, mnainuka. Mkifika mlangoni ndipo mmoja anauliza, "Kwani hatujamwachia kitu?" Hapo mjadala unaanza. Ni lazima? Ni asilimia ngapi? Si analipwa mshahara?

Zamani mjadala huu ulimalizwa na chenji. Bili ni 840, unatoa noti ya elfu, mhudumu anarudi na sahani ndogo yenye 160, unaokota ile noti ya mia na sarafu zinabaki palepale. Hakuna aliyepiga hesabu ya asilimia. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tulipozoea kulipa kwa tili, ile sahani ndogo ikafa polepole. Leo ukitaka kumwachia mtu finje, lazima uamue, umwite, umwombe namba, usubiri jina lake litokee. Kilichokuwa mabaki kimegeuka uamuzi, na binadamu tukiambiwa tuamue kuhusu pesa tunaanza kukumbuka mambo mengine.

Sasa, msituambie kwamba haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 1870, miaka thelathini hivi kabla reli haijafika mahali palipokuja kuwa Nairobi, mmishonari Edward Steere alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na humo akaorodhesha zawadi za harusi. Bwana harusi akienda kwa bibi harusi mara ya kwanza, alitoa kiosha miguu kwa waliomwosha miguu, na kifungua mlango kwa waliomfungulia. Mama wa bibi harusi alikuwa na mkaja wake, baba kilemba chake. Kilemba kilikuwa pia haki ya fundi au mwalimu mwanafunzi wake alipohitimu, hata kama hakuna aliyepewa kitambaa cha kuvaa kichwani. Kuna kiinua mgongo, kwa aliyeinama akafanya kazi. Leo neno hilo limehamia bungeni, na mheshimiwa akimaliza kipindi chake anapokea kiinua mgongo cha mamilioni, sijui mgongo gani.

Ninachokipenda katika orodha hiyo ni kwamba kila tendo lilikuwa na jina la zawadi yake. Hakuna aliyesimama mlangoni akijiuliza kama ni lazima. Mlango haufunguki bila kifungua mlango, kwisha. Aliyepokea hakuwa ombaomba. Mara nyingi alikuwa somo, kungwi, shangazi, mtu wa heshima kuliko hata aliyetoa.

Bakshishi lenyewe ni neno la Kiajemi, kutoka kitenzi cha kutoa au kujalia, na limesafiri na wafanyabiashara hadi bandari zote za Bahari ya Hindi. Ukienda Cairo, Istanbul au Mumbai utalisikia kabla hujashusha begi. Lakini lina ndugu yake ambaye familia haipendi kumtaja: hongo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita. Ugogo ndiko kulikosifika zaidi, kwa sababu maji yalikuwa haba na mwenye kisima ndiye mwenye neno. Hongo ililipwa kwa kaniki, kwa shanga, kwa nyaya za shaba, na kwa ile nguo nyeupe ya pamba kutoka Marekani iliyoitwa merikani. Richard Burton na Henry Morton Stanley walilalamika sana juu yake katika vitabu vyao. Ukisoma malalamiko hayo leo unaona kwamba hongo ilikuwa kodi ya njia, ya wazi, yenye majadiliano mchana kweupe. Sisi ndio tulioishusha hadhi. Chai nayo ikafuata njia hiyohiyo: ilianza kama kikombe cha kumkaribisha mgeni, ikawa noti iliyokunjwa ndani ya leseni ya dereva. Eric Wainaina alipotoa wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" mwaka 2001, hakuna Mkenya aliyehitaji tafsiri ya jina hilo.

Tofauti ya bakshishi na hongo, kwa maoni yangu, ni saa. Ukitoa kabla ili upewe kile ambacho tayari ni haki yako, hiyo ni hongo. Ukitoa baada, na hakuna ambacho kingebadilika usipotoa, hiyo ni bakshishi. Shida inaanza pale ambapo aliyekuhudumia hawezi kula jioni usipotoa.

Hapo ndipo inabidi tutoke nje ya Afrika Mashariki kidogo.

Uingereza, karne ya 18. Ukialikwa chakula kwenye nyumba ya tajiri, ulipokuwa ukiondoka watumishi walijipanga ukumbini: aliyeshika koti lako, aliyeshika kofia, aliyefungua mlango, kila mmoja mkono uko tayari. Zawadi hizo ziliitwa vails. Kuna waliokataa mialiko kwa sababu mlo wa bure uliwagharimu kuliko kula mkahawani. Mwaka 1760 mfanyabiashara Jonas Hanway alichapisha kijitabu cha kupinga desturi hiyo. Huyu Hanway ni yuleyule aliyechekwa London kwa kutembea na mwavuli, na miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameandika insha ndefu ya kupinga unywaji wa chai. Yaani mtu mmoja, chuki mbili: chai ya kikombe na chai ya mkononi. Matajiri walimsikiliza, wakaanza kuzipiga vita zawadi hizo. Mwaka 1764 watumishi wakafanya fujo kwenye bustani ya starehe ya Ranelagh, London, wakivunja taa na kuwazomea mabwana walioziacha. Tuwaelewe. Kilichoitwa zawadi kilikuwa nusu ya riziki yao, na sasa kilikuwa kinafutwa kwa hotuba nzuri kuhusu heshima.

Labda umesikia kwamba neno la Kiingereza "tip" ni kifupi cha maneno kadhaa kuhusu kuharakisha huduma, na kwamba kulikuwa na kisanduku kwenye mikahawa ya London. Ni hadithi tamu lakini si kweli. Neno hilo lilitoka kwenye lugha ya mitaani ya wezi, Sheng ya wakati huo.

Marekani ilipokea desturi hii kwa kununa. Wengi waliona ni tabia ya nchi za wafalme. Jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, majimbo mengine kadhaa yakafuata, na mwaka 1916 William Scott akaandika kitabu kizima cha kuilaani. Kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Kwa nini ilishinda? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya treni.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865, mamilioni ya watu Weusi walikuwa huru, bila ardhi na bila akiba. George Pullman, aliyekuwa na mabehewa ya kulala, aliwaajiri wanaume Weusi kuwahudumia abiria: kutandika vitanda, kubeba mizigo, kung'arisha viatu usiku watu wakiwa wamelala. Kiwi ya viatu walijinunulia wenyewe. Abiria waliwaita wote "George", kwa jina la tajiri, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1915 tume ya serikali iliambiwa kwamba mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 27.50 kwa mwezi. Kilichobaki, abiria watajazia. Na aliyekuwa rais wa kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na ambaye naye aliitwa mbele ya tume, ni Robert Lincoln. Ndiyo, mtoto wa Abraham Lincoln.

Wafanyakazi hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka kumi na miwili hadi kampuni ikatia sahihi mkataba mwaka 1937. Walitaka mshahara wa kujulikana. Huyo Randolph, miaka ya 1950, alikuwa mmoja wa marafiki wa Tom Mboya huko Marekani wakati Mboya akitafuta msaada kwa vyama vya wafanyakazi vya Kenya, kwa hiyo stori hii haiko mbali nasi kama inavyoonekana.

Lakini wahudumu wa mikahawa hawakupata bahati hiyo. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 iliwaacha nje wengi wao, na ilipowaingiza mwaka 1966, ilimruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Kiwango cha kitaifa cha fedha ambazo mwajiri lazima atoe mfukoni mwake kilifika dola 2.13 kwa saa mwaka 1991. Kimebaki hapo hapo. Kuna majimbo yanayolipa zaidi, lakini ndiyo maana binamu yako aliyeko Marekani anakukazia macho ukiacha asilimia kumi. Kule anayeajiri ni tajiri, anayelipa ni wewe.

Turudi nyumbani. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi, 1904. Waliobeba trei walikuwa Waafrika waliovaa kanzu nyeupe, na waliokaa mezani hawakuwa Waafrika, na ilikaa hivyo miongo mingi. Mzee wa miaka hamsini mwenye wajukuu aliitwa "boi". Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alivishwa kipande shingoni, na ndani yake kuliandikwa alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Bakshishi haikuandikwa kwenye kipande. Ilikuwa sarafu pekee ambayo serikali na bwana hawakujua alinunua nayo nini. Nafikiri ndiyo sababu wazee waliofanya kazi hizo walizungumza juu yake kwa mchanganyiko wa aibu na ujanja. Sisi tulijifunza bakshishi tukiwa tumeshika trei, muda mrefu kabla hatujakaa mezani, na huenda ndiyo maana tukikaa mezani tunakuwa wagumu hivi: hatutaki kufanana na yule bwana.

Mimi pia nimeshika trei. Nilifanya miezi minne kwenye mkahawa mmoja wa Nairobi likizo ya chuo, sitautaja jina. Bili zetu zilikuwa na mstari wa asilimia kumi, ada ya huduma. Wateja wakiuona waliridhika, wakaweka pochi. Mwisho wa mwezi hatukuona hata shilingi ya ule mstari. Nilipomuuliza meneja aliniambia inaenda kwenye glasi zinazovunjika. Sijawahi kuona watu wanaovunja glasi kiasi hicho.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba sheria inalijua jambo hili vizuri. Sheria ya VAT ya 2013 inasema ada ya huduma inayolipwa badala ya bakshishi haitozwi kodi hiyo, ila kwa masharti: isizidi asilimia 10 ya bei, na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kulingana na makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri. Soma tena. Kama pesa hiyo haiwafikii, basi si ada badala ya bakshishi. Ni bei ya chakula iliyovaa kanzu.

Kwa hiyo ukiniuliza lini na kiasi gani, mimi naanza na risiti. Kuna ada ya huduma? Naulizia kama inawafikia. Haipo? Kwenye mkahawa wa kukaa na kuhudumiwa naacha asilimia kumi, na kwenye kibanda cha chapo dondo naacha chenji, kwa sababu pale mara nyingi anayepika ndiye mwenye biashara na bei ameipanga mwenyewe. Aliyeniletea chakula kwa pikipiki mvua ikinyesha, mia moja, na sijadili. Kinyozi wa kuajiriwa, anayegawana kila kichwa na mwenye duka, hamsini. Mlinzi wa usiku ambaye ananifungulia geti saa nane nikiwa sijielewi, huyo namtoa Desemba kwa pamoja, kitu cha maana, na hicho nakiita kifungua mlango hata kama yeye anacheka. Kama huna, huna. Sema asante kwa sauti na umtazame usoni. Lakini kama ulikuwa na elfu tatu za mbuzi, finje ulikuwa nayo.

Wiki iliyopita nilimuuliza dada mmoja aliyetuhudumia kama ile asilimia kumi kwenye karatasi inawafikia. Alitazama kaunta kwanza. Halafu akainama kama anayefuta meza, akanitajia namba yake ya simu taratibu, tarakimu mbili mbili.