Marafiki Wawili na Deni Lililobaki

Tarehe 4 Julai 1826 Marekani iliadhimisha miaka 50 ya Azimio lake la Uhuru. Siku hiyo hiyo wakafariki marais wawili wastaafu. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa azimio hilo, alikata roho mchana nyumbani kwake Monticello, jimbo la Virginia, akiwa na umri wa miaka 83. Saa chache baadaye John Adams, aliyemtangulia katika urais, alifariki huko Quincy, Massachusetts, akiwa na miaka 90. Inasimuliwa kwamba karibu na mwisho wake Adams alisema Jefferson angali hai. Hakujua kwamba mwenzake ameshatangulia.

Wengi waliona mkono wa Mungu katika vifo hivyo vya siku moja. Mimi naona neema zaidi katika miaka 14 iliyovitangulia.

Wazee hawa walikuwa marafiki, kisha siasa ikawafarakanisha. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Jefferson alimshinda Adams, baada ya kampeni iliyojaa matusi. Machi 4, 1801, siku ya kuapishwa kwa Jefferson, Adams aliondoka Washington alfajiri bila kuhudhuria. Kwa zaidi ya miaka kumi hawakuandikiana.

Aliyewapatanisha alikuwa Benjamin Rush, daktari na rafiki wa wote wawili. Mwaka 1809 alimwandikia Adams kumsimulia ndoto, ambamo wazee hao walirudiana kwa njia ya barua. Hakuchoka kuwasihi. Januari 1, 1812 Adams aliandika barua ya kwanza, fupi na ya upole. Jefferson akajibu upesi. Tangu hapo waliandikiana juu ya dini, vitabu, uzee na kifo. Abigail, mke wa Adams, alipofariki mwaka 1818, Jefferson, ambaye naye alifiwa na mkewe mwaka 1782, alimfariji mwenzake kwa tumaini la kuwaona tena wapendwa waliotangulia. Hawakukubaliana katika yote, lakini walikufa wakiwa marafiki.

Tungeweza kuishia hapo na kusema Amina. Lakini kuna mlango mwingine pale Monticello.

Jefferson alikufa akiwa na deni la zaidi ya dola 100,000. Katika wosia wake aliwapa uhuru wanaume watano tu kati ya watumwa wake. Januari 1827 ukafanyika mnada hapo nyumbani. Watu wapatao 130 walitangazwa kuuzwa, pamoja na mifugo na vyombo vya nyumba. Familia zilitenganishwa ili deni la bwana wao lipunguzwe. Mtu aliyeuandikia ulimwengu kwamba binadamu wote wako sawa alipatana na mwenzake aliyekuwa mbali, akawaacha bila haki wale waliompikia chakula na kumlimia mashamba.

Wapendwa, tusiharakishe kumhukumu. Mchungaji akiitwa kando ya kitanda cha mgonjwa humwuliza kama amepatana na ndugu zake. Mara nyingi mgonjwa humtaja kaka yake, au mzee mwenzake wa kanisa. Ni mara chache atamtaja msichana wa kazi ambaye hakulipwa mshahara wake, au mjane wa marehemu ndugu yake aliyenyang'anywa shamba. Ni rahisi kumkumbuka mtu wa hadhi yetu, anayeweza kutuandikia barua. Aliye chini yetu hana wa kumsemea, nasi tunadhani kimya chake ni msamaha.

Zakayo hakufanya hivyo. Alisimama akataja maskini, akataja na wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne. Hakuwa akinunua wokovu, maana Yesu ndiye aliyetangulia kumwita na kutaka kukaa nyumbani mwake. Lakini neema ikiingia nyumbani, daftari la madeni hufunguliwa.

Kwa hiyo tusingoje kitanda cha mwisho. Kama kuna barua ya kuandika kwa rafiki, tuiandike, kama Adams alivyofanya. Kisha tuangalie jikoni kwetu na shambani kwetu: yuko nani pale ambaye bado tunadaiwa naye? Huyo naye yumo katika sala yetu ya kila siku, tunapoomba tusamehewe makosa yetu.