Mume Anayevuka Mto: Ndoa, Uraia na Mpaka wa Ruvuma

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ina kifungu ambacho familia nyingi za pande mbili za mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, huishi nacho kila siku, ingawa ni wachache waliowahi kukisoma. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye hupanga foleni ya wageni wote: awe ameishi nchini miezi kumi na miwili kabla ya kuomba, awe ametimiza jumla ya miaka saba ndani ya kumi iliyotangulia, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na mwishowe waziri aridhike. Kwamba ana mke na watoto watano Ziwani au Kilambo, upande wa Tanzania, hakumpi haki yoyote ya pekee.

Tofauti hii hukosolewa kwa kawaida kama ubaguzi wa kijinsia, na ni kweli ni ubaguzi. Makala haya yanaongeza dai jingine: kifungu hicho kimejengwa juu ya picha ya familia ambayo mwambao wa kusini-mashariki haukuwahi kuwa nayo kwa ukamilifu, picha ya mume aliyetulia kwao na mke anayeletwa. Kando ya Ruvuma, anayehama kuifuata familia mara nyingi ni mwanamume. Dola inamwona kama mhamiaji haramu, kibarua au, siku hizi, mshukiwa. Haimwoni kama mume.

Mto wenyewe ulifanywa mpaka na watu wasiokaa kando yake. Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 kwamba Ruvuma itenganishe makoloni yao, kisha wakagombania mlango wake. Wajerumani walidai kwamba pwani mpaka ufuate latitudo ya nyuzi 10 na dakika 40 kusini, na mwaka 1894 wakaitwaa Kionga, kipande cha ardhi kilicho kusini mwa mlango wa mto. Wareno wakakichukua tena mwaka 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, na baada ya vita Mkataba wa Versailles ukakithibitisha kuwa chao. Mkulima wa Kionga alibadilishiwa dola bila kuhamisha hata jembe lake.

Waliohama walikuwa na sababu zao. Kuanzia 1891 hadi 1929 kaskazini mwa Msumbiji ilitawaliwa na Kampuni ya Niassa, iliyoishi kwa kodi ya kibanda na kwa kuuza nguvukazi ya watu. Kuanzia mwaka 1938 ukafuata utaratibu wa kulazimishwa kulima pamba. Wamakonde wa Mueda, ambao upande wa Tanganyika waliitwa Wamawia, wakavuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine wakafika Tanga kama manamba, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wapo waliopitiliza hadi Kwale, Kenya, kwenye mkonge na miwa. Mwanamume alitangulia. Mke alifuata, au hakufuata. Na kama hakufuata, mume alioa hukohuko. Kutoka kwenye vyama vya wafanyakazi hawa ndiko walikotoka Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokwenda Mueda tarehe 16 Juni 1960 kuzungumza na wakuu wa Kireno. Miongoni mwa mambo waliyoyabeba ilikuwa hatima ya waliohamia Tanganyika: warudi kwa masharti gani? Jibu lilikuwa risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Historia hii hutajwa mno kama utangulizi wa vita vya ukombozi, kiasi kwamba upande wake wa kifamilia umefunikwa. Kabla ya kuwa swali la taifa, kurudi kwa wahamiaji lilikuwa swali la nyumba: nani alale wapi, na watoto wahesabiwe kwa nani.

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, swali la mwisho lilikuwa na jibu lake la zamani. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno zito katika ndoa yake na katika kesi zake. Kwa Wayao na Wamakua ilikuwa kawaida mume kuhamia kwa wakwe, walau miaka ya mwanzo, akilima na kujenga chini ya macho ya mama mkwe. Wamakonde nao walikuwa na namna zao za kumtumikia mkwe. Sidai kwamba utaratibu huo umebaki mzima. Uislamu wa pwani umeleta mirathi ya upande wa baba na cheti cha ndoa cha Bakwata. Wabenediktini wa Ndanda wameleta ndoa ya kanisani. Na zao la korosho limewafundisha akina baba kuwaandikia wana wao mashamba. Lakini mikorosho haihamishiki. Mwanamke mwenye miti yake Ziwani, aliyoachiwa na mama au mjomba, hana sababu ya kuiacha aende Palma, upande wa Msumbiji, kwa mume asiye na kitu. Mume ndiye atakayevuka. Atapalilia, atapulizia salfa, na msimu wa mavuno ukifika ataokota korosho pamoja na watoto. Mzigo ukifika chama cha msingi, utapimwa na kuandikwa kwa jina la mkewe.

Kisheria mtu huyu ni nani? Akija na pasipoti hahitaji viza, kwa kuwa Tanzania na Msumbiji zote ni za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, na raia wake wanasamehewa viza. Itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu usafiri wa watu inataja siku 90 kwa mwaka bila viza, ingawa haijaanza kutumika rasmi kwa kukosa nchi za kutosha zilizoiridhia. Kwa hiyo tatizo la viza halianzii kwenye kivuko cha Kilambo, ambako afisa atamgongea muhuri bila maswali mengi. Linaanza siku 90 zinapokwisha wakati shamba bado halijapaliliwa. Vibali vya ukaazi vya daraja A, B na C vimewekwa kwa ajili ya mwekezaji, mwajiriwa, na makundi kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mwanamume anayelima korosho za mkewe hana daraja lililo wazi. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa meta 720 na lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana bara, na linawafaa zaidi wenye malori. Watu wa mlangoni mwa mto hupanda mtumbwi, humlipa mpiga kasia, wakashukia upande wa pili wanakojulikana kwa majina. Hawapiti kwa uficho. Ndiyo njia waliyoikuta.

Watoto nao wana hesabu yao. Mwanamke Mtanzania akijifungulia ng'ambo, mwanawe ni raia kwa kurithi; hapo sheria imemtendea haki, kwani inasema baba au mama. Lakini kifungu cha 6 kinazuia urithi huo kuendelea: aliye raia kwa kurithi hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Sasa tuiangalie desturi ya binti kwenda kujifungulia kwa mama yake, hasa mimba ya kwanza. Bibi wa Msimbati aliyeolewa Palma akimzaa binti hukohuko, na binti huyo akazaa akiwa kwa mama yake, mjukuu hana tena kamba ya kumfunga na Tanzania, hata kama atakuzwa Msimbati tangu akiwa na mwaka mmoja. Mahali alipokaa mkunga ndipo panapoamua.

Hali hii yote iliwekwa kwenye mizani baada ya vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuanza Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, na zaidi baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbilia Ruvuma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo zaidi ya watu 9,000 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, wengi wao wanawake na watoto. Utaratibu ulioelezwa na waliorudishwa unastahili kutazamwa kwa karibu: walivuka kwa mashua, wakatembea hadi kijijini, wakapelekwa kwenye shule ya msingi, wakaulizwa uraia wao. Aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa ni Mtanzania alibaki. Asiyekuwa nayo alipakiwa kwenye basi usiku. Swali liliulizwa kwa mtu mmojammoja. Katika nchi ambamo mume na mke wamezaliwa pande mbili za mto, kuulizwa hivyo ni kuivunja nyumba hata kama aliyeuliza hakuwa na nia hiyo.

Hoja ya usalama haipaswi kudharauliwa. Kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa Oktoba 2020, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mwenyekiti wa kijiji anayeogopa sura ngeni ana sababu. Lakini mume aliyekaa kijijini miaka minane si sura ngeni. Anafanywa mgeni na kukosa kwake karatasi. Mtu asiye na kitambulisho cha NIDA wala kibali hasajili laini ya simu kwa jina lake, hutumia ya mkewe; haendi polisi hata akiibiwa; huwakwepa maofisa anaokutana nao njiani. Kwa dola inayotaka kujua nani yuko ndani ya mpaka wake, hii ni njia ya ajabu ya kutafuta kujua.

Nchi jirani zimetatua suala la uraia wa mwenzi kwa namna isiyo ya kimapinduzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu aliyeoana na raia kwa miaka saba, awe mume au mke, kuomba kusajiliwa kuwa raia. Wamakonde wa Kwale, waliokaa miongo bila vitambulisho, walilazimika kutembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kisa chao kinaonyesha kwamba katiba nzuri peke yake haimfikii mkulima. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inataka ndoa ya miaka mitano, bila kutofautisha mume na mke. Maana yake ni kwamba mwanamume wa Mtwara aliyeoa Palma ana njia ambayo shemeji yake wa Palma aliyeoa Mtwara hana.

Kuna mtego mwingine wa kuepuka. Uingereza haibagui mume na mke, lakini tangu mwaka 2012 ilimtaka anayemleta mwenzi wake awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 ikapandisha hadi 29,000. Jinsia imetoka mlangoni, mshahara ukaingia. Kikirekebishwa kifungu cha 11 kisha ada na masharti ya kipato yakawekwa kwa kipimo cha mtu wa ofisini, mwanamke mwenye mikorosho, ambaye fedha yake huja mara moja kwa mwaka baada ya mnada, atakuwa amepewa haki ya kwenye kitabu.

Kuhusu hofu ya ndoa za hila, Tanzania ina chombo ambacho haijakitumia hapa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama hutumia dhana hiyo kugawa nyumba na mashamba wanandoa wanapoachana, na huwasikiliza majirani, mjomba na mtendaji wa kijiji. Ushahidi wa watu haohao ungeweza kupokelewa na afisa wa uhamiaji Mtwara kwa ajili ya kibali cha ukaazi cha mwenzi wa raia, chenye ruhusa ya kulima, kikifuatwa na haki ya kuomba tajnisi baada ya miaka mitano au saba. Kwa kibali hicho huenda kanuni zikatosha. Kwa tajnisi ni lazima Bunge liguse kifungu cha 11, na neno "mwanamke" lisomeke "mtu".